Onyesho la tango na chakula cha usiku, San Telmo, Buenos Aires: nafasi nzuri iko roshani

Nianze na hukumu, maana wengi wetu husoma mistari ya mwanzo tu kisha tunakwenda kulipa. Ukienda kutazama tango, ule muziki na dansi ya Buenos Aires, nunua tiketi ya onyesho peke yake, ule kwingine, na uombe nafasi ya roshani. Muziki utakaousikia unastahili safari yote ya kufika Argentina. Chakula hakistahili bei yake. Na zile meza za mbele zinazouzwa ghali kwa jina la VIP zinakunyima kilicho bora kuliko vyote mle ndani, yaani orkestra.

Nasema hivi nikiwa mpigaji fidla katika kikundi cha taarab, kwa hiyo masikio yangu yana upande wake. Wifi yangu, niliyesafiri naye, hashiki chombo chochote, na tulitoka ukumbini kila mmoja na lake. La kwake nitalieleza pia, kwa sababu naye alilipa pesa ile ile.

Kumbi za aina hii ni nyingi Buenos Aires. Kuna El Viejo Almacén, iliyofunguliwa mwaka 1969 na mwimbaji Edmundo Rivero kwenye kona ya barabara za Balcarce na Independencia. Kuna Esquina Carlos Gardel kule Abasto, Café de los Angelitos kwenye Rivadavia, Piazzolla Tango iliyo ndani ya jengo la Galería Güemes mtaa wa Florida, na Rojo Tango ndani ya hoteli ya Faena, Puerto Madero, ambayo ni ndogo na ya bei ya juu kabisa. Utaratibu haupishani sana. Gari dogo linakufuata hotelini jioni, wanaopenda wanapewa somo fupi la kucheza, chakula kinaanza saa mbili au mbili na nusu usiku, onyesho linaanza mnamo saa nne, na usiku wa manane unarudishwa ulikotoka. Sisi tulikwenda kwenye ukumbi mmoja wa San Telmo, kwenye mtaa wa mawe, jengo la matofali ya zamani yaliyoachwa wazi bila lipu, roshani ya mbao ikizunguka pande tatu.

Bei hutangazwa kwa dola za Kimarekani. Peso imeshuka thamani kwa miaka mingi, kwa hiyo bei iliyochapishwa kwa peso huchakaa kabla karatasi haijachakaa. Kifurushi chetu cha chakula, kinywaji na usafiri kilivuka dola 100 kwa kila mtu. Wakala aliyetuuzia alishikilia kwamba tiketi za onyesho tupu zimekwisha. Tulipofika mlangoni tukakuta zinauzwa, tena kwa bei ya chini sana, na watu wawili mbele yetu wakazinunua kwa peso taslimu. Wakala hulipwa kwa kifurushi, usimtegemee akuuzie kilicho rahisi. Nenda dirishani mwenyewe mchana, au wasiliana na ukumbi moja kwa moja.

Chakula nitakipitia haraka. Kianzio kilikuwa empanada ya nyama, jamaa ya sambusa, iliyookwa vizuri, yenye bizari na vipande vya yai, na hiyo ilikuwa ndiyo tamu kuliko vyote. Kisha bife de chorizo, kipande kinene cha nyama ya mgongo wa ng'ombe, ambacho Waargentina wanajua kukichoma kuliko watu wengi duniani. Lakini jiko linalotoa sahani mia mbili kwa wakati mmoja halichomi, linapasha. Nyama ilifika imepoa pembeni na viazi vimelegea. Mhudumu hukuuliza unaitakaje. Ukitaka iive sawasawa bila damu, sema bien cocido. Mvinyo wa Malbec umo ndani ya bei, na asiyekunywa hupewa maji au soda bila kupunguziwa hata peso moja. Kitindamlo kilikuwa chapati nyembamba iliyoviringishwa na dulce de leche, ile maziwa iliyochemshwa na sukari mpaka ikawa rangi ya kahawia. Wifi aliimaliza ya kwake na yangu.

Kwa tofauti ya bei kati ya tiketi hizo mbili unaweza kula vizuri sana kwenye parrilla, yaani mgahawa wa nyama choma, yoyote ya jirani, pale ambapo moto unauona kwa macho na nyama inatoka kwenye wavu kuja mezani kwako. Migahawa mingi ya huko hufungua saa mbili usiku, kwa hiyo unamaliza kwa raha kabla ya saa nne.

Sasa onyesho lenyewe. Meza zetu zilikuwa karibu na jukwaa, na zimepangwa kwa urefu, kiasi kwamba nusu ya wageni wanakaa ubavu na lazima wapinde shingo muda wote. Orkestra iko juu, kwenye jukwaa dogo la pili nyuma ya wacheza dansi. Kutoka pale chini nilikuwa naona ncha za pinde za fidla zikipanda na kushuka, basi. Nikamwomba mhudumu, mzee mmoja mwenye koti jeupe na adabu ya miaka mingi ya kazi, anihamishie roshani, ambako palikuwa na meza tupu. Alinitazama, akaonyesha kwa mikono yake kama mtu anayepiga fidla, akiuliza. Nikaitikia kwa kichwa. Akanipeleka mwenyewe hadi kiti cha pembeni kabisa, na tangu hapo usiku wangu ukawa mwingine.

Walikuwa saba: bandoneoni mbili (chombo cha vitufe na mfuko wa hewa, ndugu wa kodiani), fidla tatu, piano, na besi kubwa ya kusimama. Hakuna ngoma. Sisi wa taarab tumezoea besi na kodiani na fidla, lakini pembeni daima yupo mtu wa dumbaki au bongo anayeshika mwendo. Hapa mwendo wanaushika watu wenye nyuzi. Mkono wa kushoto wa mpiga piano unagonga chini pamoja na besi, na bandoneoni zinakata hewa kwa pigo lile lile, fupi na zito. Walipopiga La Yumba ya Osvaldo Pugliese, sakafu ya roshani ilitikisika chini ya miguu yangu. Mpiga fidla wa kwanza akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa karibu: alipeleka upinde nyuma ya daraja la fidla, pale nyuzi zinapokuwa fupi, akasugua, ikatoka sauti kavu ya nyenje. Ile ndiyo iliyojaza nafasi ya kayamba. Wa tatu alikuwa akidonoa uzi mmoja kwa namna inayotoa sauti ya ngozi iliyowambwa. Wanatengeneza ngoma kwa vyombo visivyo ngoma, na ukikaa kwenye meza ya VIP huoni lolote kati ya hayo.

Bandoneoni nayo inataka kuonwa ikipigwa. Ilizaliwa Ujerumani katika karne ya 19 na jina lake linatokana na Heinrich Band wa mji wa Krefeld. Vile vya zamani vya kiwanda cha Alfred Arnold ndivyo wapigaji wanavyovitafuta mpaka leo. Ina vitufe 71, na karibu kila kitufe kinatoa noti moja ukivuta na nyingine ukifunga, kwa hiyo mpigaji anabeba kichwani ramani nne: mkono wa kulia na wa kushoto, kufungua na kufunga. Mpigaji mkuu wa usiku ule, mwanamke wa makamo, aliiweka juu ya goti moja, na kila alipotaka pigo kali aliliinua goti na kulishusha. Katika Adiós Nonino, ambayo Astor Piazzolla aliitunga mwaka 1959 baada ya kifo cha baba yake, aliachiwa peke yake kwa muda mrefu. Ukumbi mzima, uliokuwa ukigonganisha visu na sahani, ulinyamaza. Mimi nililia, na mama mmoja wa Kibrazili meza ya jirani akanipa kitambaa bila kusema neno.

Lipo jambo moja lililoniuma, na nalisema kwa sababu naipenda tango. Onyesho lilipangwa kama hadithi. Lilianza bandarini, wahamiaji wa Kiitalia wakishuka melini na masanduku yao, likaenda kwenye nyumba za kupanga za maskini, kisha kabareti, kisha mwimbaji Carlos Gardel na wimbo wake El día que me quieras, na mwisho Piazzolla. Weusi hawakutokea popote. Mwishoni mwa karne ya 18 karibu theluthi ya watu wa Buenos Aires walikuwa wa asili ya Afrika, walioletwa kama watumwa kutoka Angola, Kongo na pia Msumbiji, pwani yetu hii hii. San Telmo na Monserrat zilikuwa mitaa yao, na humo walicheza candombe kwa ngoma zao, muziki ambao tango imeuchota. Usiku ule orkestra ilipiga El Entrerriano, moja ya tango za kale zinazopigwa hadi leo, ya mwaka 1897. Mtunzi wake, Rosendo Mendizábal, alikuwa mpiga piano mweusi. Hakutajwa. Horacio Salgán, aliyezaliwa 1916 na kufariki 2016, mmoja wa wapiga piano wakubwa kuliko wote wa tango, naye alikuwa wa asili hiyo. Ukumbi ulio ndani ya San Telmo ungeweza kumpa mgeni dakika tano za habari hiyo. UNESCO ilipoiingiza tango kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2009, kwa maombi ya Argentina na Uruguay pamoja, mchango wa Waafrika ulitajwa. Jukwaani nao utajwe.

Ngoma pekee niliyoiona ni bombo, ile kubwa ya mashambani, ilipoingia sehemu ya wachunga ng'ombe wa nyanda za Pampa. Kijana mmoja alizungusha boleadoras, mipira migumu kwenye kamba za ngozi, ikigonga sakafu kwa kasi ya kutisha huku miguu yake ikijibu. Ufundi upo, sikatai, na watoto waliokuwepo walifurahi kuliko wakati wowote. Lakini ilichukua nafasi ya tango mbili au tatu.

Wacheza dansi walikuwa jozi sita. Hii ni tango ya jukwaani: miguu inapaa, mwanamke anarushwa na kudakwa, magauni yamepasuliwa hadi pajani. Wachezaji ni hodari, na jozi moja ya watu wazima zaidi, waliocheza polepole bila kurusha chochote, walinishika kuliko wale vijana. Anayetaka kuwaona watu wa Buenos Aires wakicheza kwa ajili yao wenyewe aende milonga, yaani mahali pa kuchezea: Salón Canning kule Palermo, au ile ya wazi ya La Glorieta, kwenye bustani ya Barrancas de Belgrano, ambapo mtu yeyote anaweza kusimama pembeni akatazama. Huko mwanamume anaomba dansi kwa jicho na kichwa tu kutoka upande wa pili wa ukumbi, na mwanamke akikubali anaitikia vivyo hivyo.

Wifi haafikiani nami. Alikaa chini hadi mwisho, na nilipomshukia wakati wa tango iitwayo La Cumparsita aliniambia, "Wifi, wewe ulikuja kutazama fidla. Mimi nilikuja kutazama watu." Yeye alipenda kuchukuliwa hotelini na kurudishwa, asihangaike na teksi usiku wa manane katika mji asioujua. Alipenda kukaa kitako kwa saa nne bila kuinuka. Alipenda viatu, na vumbi la sakafu lililopanda wachezaji walipopita hatua mbili kutoka alipokaa, na jasho lao aliloliona kwa macho. Nyama kupoa haikumsumbua. Kama unasafiri na mzazi mtu mzima, au ni usiku wenu wa kusherehekea jambo, nafikiri kifurushi chote kinafaa, ilimradi mjue kwamba mnalipia raha ya kuhudumiwa na si mapishi.

Mambo madogo: simu hazikuruhusiwa wakati wa onyesho na walisimamia hilo, jambo jema sana. Bakshishi ya kama asilimia kumi huachwa mezani kwa peso, nje ya kifurushi. Baridi ya kiyoyozi roshani ni kali, chukua mtandio.

Kabla hujalipa popote, uliza maswali mawili dirishani: wapigaji ni wangapi, na wanakaa wapi? Ziko kumbi zenye watu wanne na nyingine zinazojazia kwa muziki wa kurekodiwa. Ukiambiwa ni sita au zaidi, omba roshani, upande ule ambao vitufe vya piano vinaonekana.