Ukanda wa buku mbili jero ulioishinda kostiki bafuni kwangu

Nyumba tunayopanga hapa Mwanga, Kigoma mjini, ina beseni la kuogea, lile refu la mtu kujinyoosha. Miaka miwili ya kwanza hatukuwahi kuoga ndani yake. Lilikuwa ghala la maji: yakitoka bombani usiku tunalijaza, asubuhi tunachota kwa kopo. Mwenye nyumba alipoweka simtanki uani ndipo watoto wakalivamia, na hapo ndipo nilipogundua kwamba tundu lake la kutolea maji ni mgonjwa.

Ilianza kidogo kidogo. Mtoto wa pili akiingia kuoga, maji ya wa kwanza bado yanamfika kwenye vifundo, yana povu la kijivu. Mwisho wake maji ya jioni tukawa tunayakuta alfajiri yamesimama palepale. Nikamwita fundi bomba mmoja. Akachungulia, akagonga gonga kwa bisibisi, akasema, "Mama, hapa lazima tuvunje taili, elfu arobaini ya kuanzia." Ya kuanzia! Nikamshukuru, nikamsindikiza hadi getini.

Nikaamua kutumia kostiki, ule unga mkali wa kupikia sabuni (caustic soda). Kwa Kigoma hii si bidhaa ya kutafuta kwa tochi, wanaopika sabuni za mawese wanaitumia, na unapimiwa kama unavyopimiwa sukari. Shangazi yangu wa Ujiji amepika sabuni hizo miaka mingi, ndiye aliyenifundisha tabia zake. Ikikutana na mafuta huyageuza sabuni, ikikutana na unywele huulainisha mpaka unayeyuka. Nikaona basi, bomba limejaa utando wa mafuta na nywele, dawa si hiyo?

Nilifuata masharti yake karibu yote. Glavu, madirisha wazi, watoto nje. Ndoo ya plastiki, si sufuria ya alumini, maana kostiki huitafuna alumini na kutoa gesi inayoshika moto. Maji ya baridi kwanza, unga baadaye, kidogo kidogo. Ukigeuza ukamwagia maji juu ya unga unaweza kurukiwa usoni, kwa sababu inachemka yenyewe bila jiko. Na kama ulishamwaga dawa nyingine ya chooni humo, hasa zile za asidi, usithubutu kuichanganya nayo.

Nasema karibu yote, kwa sababu nilipomaliza nikaona kuna unga umebaki kwenye mfuko. Nikaumimina mkavu tunduni, eti kuongeza nguvu. Ukagandana humo kama jiwe. Maji yaliyokuwa yakishuka polepole sasa hayakushuka kabisa! Siku mbili nilikuwa naweka maji ya kawaida, naacha yalainishe lile jiwe, nachota kwa glavu, narudia. Nilitamani kumwaga ya moto ili niharakishe, shangazi akanikemea kwenye simu: kostiki na maji ya moto vinarukiana, halafu mabomba yenyewe ni ya plastiki, maji yanayochemka huyalegeza. Jiwe lilipoisha, tundu likarudi kwenye ugonjwa wake wa zamani. Sikupata nafuu wala hasara, ila vidole viwili vilivyobabuka.

Baada ya kusuuza sana nikajaribu ile pampu ya kikombe cha mpira chenye mpini. Hii ina siri ambayo wengi hatuijui: beseni lina tundu jingine pale juu, la kuzuia maji yasifurike. Usipoliziba kwa kitambaa kibichi, utapampu hadi jasho likutoke na nguvu yote itatokea huko juu. Nililiziba, nikapampu, ikapanda michanga myeusi. Hiyo naijua ilikotoka, watoto wanarudi ziwani mchanga umewajaa mpaka masikioni. Maji yakaenda vizuri siku tatu, kisha yale yale.

Ndipo nikaukuta huo ukanda, kwenye duka la vyombo vya plastiki, umening'inizwa kando ya mabrashi ya choo. Plastiki nyembamba inayopinda, urefu kama mkono wangu kutoka kwenye kwapa, pembeni ina meno yanayotazama nyuma kama ya ndoana. Sh 2,500. Nilinunua kwa hasira tu.

Nikafungua kizibo cha beseni kwa kukizungusha. Chini yake kuna kichuma cha msalaba, nacho kilikuwa na ndevu! Nikauingiza ukanda pembeni ya msalaba, nikausokota mara mbili tatu, nikauvuta taratibu. Uchafu uliokuja nao sikuutarajia. Lilikuwa fundo refu, jeusi, linanuka vibaya, na katikati yake kuna nyuzi za rangi ya kahawia iliyokolea. Nilizitambua mara moja. Rasta za binti yangu, zile alizosukwa Idi.

Hapo nikaelewa kwa nini kostiki ilishindwa. Inayeyusha unywele wa binadamu, rasta si unywele, ni nyuzi za plastiki. Ungeweza kumimina kilo nzima, utando na nywele zikaisha, rasta zikabaki zimejikunja kwenye msalaba zikingoja kudaka nyingine. Na nyumba yenye wasichana watatu, wakifumuana humo humo bafuni, unategemea nini? Nilivuta mara nne. Mara ya nne ulitoka mtupu, nikafungulia bomba, maji yakashuka yakitoa ule mlio wa kunyonya ambao sikuwahi kuusikia tangu tuhamie.

Kasoro zake zipo. Meno yanakatika haraka, yangu matano yalibaki kwenye fundo la kwanza. Kuusafisha ni kazi ya kichefuchefu, na unakwaruza vidole kama huna glavu. Haufiki mbali: ukikutana na kona ya bomba unagoma, kwa hiyo tatizo la mbele zaidi unahitaji springi ndefu ya fundi. Na kama choo na sinki navyo vinasuasua kwa pamoja, usihangaike nao, kafungue chemba uone, au karo la majitaka limejaa.

Sasa tunduni nimeweka kichujio cha chai kilichokatika mpini, na kufumua rasta ni uani, juu ya gazeti. Ukanda nimeutundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Au niseme ulikuwepo: Jumamosi jirani aliuazima kwangu, umerudi jana bila meno upande mmoja. Kesho napita dukani, nachukua miwili.