TAHADHARI: "Mipini ya pembe" ya wembe ambayo si pembe

Jamani, kama unatafuta fundi wa kukubadilishia mpini wa wembe wa kukunja, soma hii kabla hujatuma hela, na hasa kabla hujatuma wembe wenyewe.

Kuna muuzaji mtandaoni anajitangaza kuwa anachonga mipini ya pembe halisi ya nyati kwa oda. Picha zinavutia, maneno matamu, anajibu upesi. Anataka arbuni ya nusu na umtumie wembe, maana kila wembe una unene wake na tundu lake. Hilo ni kweli, na ndiyo chambo chenyewe. Nilimtumia wembe wa zamani wa Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe. Alipoupokea tu, simu hazipokelewi tena. Umerudi baada ya kubembelezana sana, tena nikiwa nimeongeza "hela ya ribiti", yaani vile vipini vya chuma vinavyoshikilia mpini.

Kilichorudi si pembe. Milia ya kulia na ya kushoto inalingana mstari kwa mstari, na pembe haizai mapacha. Pembe ya kweli ukiielekeza kwenye mwanga hung'aa pale rangi inapofifia, na milia unaiona ikizama ndani. Hii imekaa juu juu tu. Nikapitisha msasa kidogo upande wa ndani. Unga wa pembe hunuka kama kucha au nywele zinazoungua, kwa kuwa zote ni keratini, protini ya aina moja. Huu ulinuka kafuri. Ni seluloidi hiyo, aina ya plastiki ya zamani, na hapo ndipo hasira zilinipanda: seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke wa tindikali unaokula chuma. Yaani umelipia mpini utakaokutafunia wembe. Na ule ujanja wa kuchoma kwa sindano ya moto msiujaribu, seluloidi hulipuka moto kwa kasi ya kutisha.

Ufungaji ndio usiseme. Kabari ya mwishoni, ile inayokaa kati ya pande mbili za mpini, inayotakiwa kupunguzwa kwa tupa kidogo kidogo hadi wembe ulale katikati, ni kipande cha plastiki kisichoguswa na tupa. Ukifunga wembe, makali yanakwaruza mpini. Ribiti hazina washa, vile vibati vya duara vinavyokaa chini ya kichwa cha ribiti. Zimegongwa kwa nyundo hadi mpini umepasuka kuzunguka tundu, kisha ufa ukazibwa kwa gundi.

Mwenzangu mmoja yeye karudishiwa wembe mwingine kabisa, wenye kutu. Kwa hiyo, kwa fundi yeyote usiyemjua, piga picha alama na maandishi yote ya wembe wako kabla hujautuma. Mwambie akuonyeshe kipande cha pembe kabla hajakikata, pembeni kuwe na karatasi yenye jina lako na tarehe. Salio usilipe mpaka uone picha ya wembe ukiwa umefungwa, iliyopigwa kutokea juu, uone kama makali yamekaa katikati. Fundi mzuri hakasiriki kuombwa hayo.

Huyu pia huwanong'oneza wateja kwamba ana pembe ya kifaru. Iwe kweli au uongo, kimbia. Biashara ya kimataifa ya pembe hiyo ilipigwa marufuku tangu 1977 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kesi itakuwa yako.

Jina la ukurasa hulibadilisha kila akishtukiwa, lakini picha hazibadiliki: pembe nyeusi yenye mlia mmoja mweupe, juu ya kitambaa cha kijani, na kona ya chini kulia kuna jina la mtu mwingine lililofutwa vibaya.