Darubini ya inchi 10 kwa anga la Dodoma: uzoefu wangu

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Ukiwa Dodoma, Singida au popote hapa katikati ya nchi, na unachotafuta ni galaksi na nebula (mawingu ya gesi na vumbi huko angani), si Mwezi wala Zohali, hela yako iweke kwenye upana wa kioo. Usiimalizie kwenye mota na miguu mitatu ya chuma inayong'aa. Mimi nilitoka kwenye darubini ya kioo cha mm 130 nikahamia kwenye ya Dobson, ile ya kusukuma kwa mkono, ya inchi 10, yaani mm 254, na sasa nimeitumia vya kutosha kuijua kwa raha zake na kwa kero zake.

Ile ya mm 130 haikunikosea kitu. Pete za Zohali, miezi minne ya Mshtarii, mashimo ya Mwezi, Kilimia, vyote ilinipa vizuri tu. Ila kwenye galaksi ilikuwa ni kubahatisha: unakodoa macho, unaona kidoa cha ukungu, unabaki kujiuliza kama umekiona kweli au umejitungia. Mwanga unaoingia kwenye darubini unafuata eneo la kioo, si upana wake, kwa hiyo kutoka mm 130 hadi 254 hupati mara mbili, unapata karibu mara nne. Kutoka inchi 8 kwenda 10 unaongeza kama asilimia 60. Hizo ndizo hesabu za kufanya kabla ya kununua. Ukikutana na boksi limeandikwa "inakuza mara 675", lipite. Kukuza ni kubadili lenzi ya jicho tu, kila mtu anaweza, na kioo kidogo kikilazimishwa kufika huko kinakupa giza lenye ukungu.

Nilikuwa na njia tatu mezani: Schmidt-Cassegrain (darubini ya bomba fupi, yenye vioo na lenzi) ya inchi 8 yenye mota na kompyuta ya kujitafutia nyota, Newton (ya bomba refu lenye vioo viwili) ya inchi 8 juu ya stendi ya ikweta, au Dobson. Ya kwanza niliitamani sana. Bomba lake ni fupi, unaliweka kwenye mfuko, unaiambia jina la galaksi inakwenda yenyewe. Lakini kwa bei yake ningepata Dobson ya inchi 10 na chenji ya lenzi na filta, halafu swali likabaki palepale: ile bodi ya umeme ikiungua kwa huu umeme wetu wa kupanda na kushuka, naipeleka kwa fundi gani hapa mjini?

Hiyo stendi ya ikweta ndiyo ninayotaka kuisemea kidogo, kwa sababu wanaoandika kuhusu darubini wengi wanaishi Ulaya na Marekani na hawana shida yetu. Stendi ya namna hiyo ina mhimili mmoja ambao lazima uuelekeze kwenye ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, ndipo ifuate nyota kwa kuzungusha mhimili huo mmoja. Wao kaskazini wana Polaris, nyota angavu, iko juu vizuri. Dodoma tuko kama digrii 6 kusini mwa Ikweta. Polaris hatuioni kabisa, na ncha ya kusini iko digrii 6 tu juu ya upeo wa macho, ndani ya vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu hata ingekuwa juu kichwani. Juu ya hayo, stendi nyingi hazikuundwa kulala chini kiasi hicho. Kipimo cha nyingine kinaishia digrii 15 au 20, na ukilazimisha, ule mtarimbo wa uzito unagonga mguu wa stendi. Muuzaji mmoja wa nje nilimwuliza kama yake inafika digrii 6, akanitumia tena picha ileile ya tangazo.

Dobson haina habari na ncha yoyote. Ni bomba kwenye sanduku la mbao: unasukuma kushoto na kulia, unainua na kushusha, basi. John Dobson aliyeieneza alikuwa mtawa huko California, na miaka ya 1960 alikuwa akisaga vioo vyake kwa vipande vya glasi iliyotupwa na kuvifunga kwenye mbao. Kitu kilichobuniwa na mtu asiye na hela kinavumilia maisha ya watu wasio na hela.

Kwa nini 10 na si 12? Gari. Nilichukua futi ya fundi nikapima kiti cha nyuma cha IST kabla sijaagiza chochote. Bomba la inchi 10 lina urefu wa kama mita 1.2, na linalala pale kwa kubanwa kidogo. La inchi 12 ni refu zaidi, kama mita moja na nusu, nalo lina zaidi ya kilo 20 peke yake. La kwangu ni kama kilo 15, na sanduku lake karibu hivyohivyo, kwa hiyo nabeba kwa awamu mbili bila kumwita mtu. Hili la kubeba lina uzito kuliko inchi, kwa sababu Dodoma ya sasa si ile ya zamani. Tangu serikali ihamie, taa zimejaa. Ukiwa Kisasa au Nzuguni ukitazama upande wa mjini anga lina rangi ya chai. Galaksi si nukta kama nyota. Mwanga wake umetandazwa, na kioo kikubwa kinakuza galaksi na huo mng'ao wa taa kwa pamoja. Inchi 10 katikati ya mji itashindwa na inchi 5 ya shambani, na hili nililijaribu kwa kuziweka zote mbili kazini usiku tofauti.

Kuhusu ununuzi sitasema mengi. Iliagizwa nje, ikaja Dar kwa meli, kisha kwa lori hadi huku, na usafiri ulikaribia nusu ya bei ya darubini yenyewe. Wakala alinihakikishia ufungaji ni salama, lakini ubao mmoja wa sanduku la darubini ulifika kona imevunjika. Ni ubao wa maranda yaliyogandishwa, ukipata maji unavimba na ukianguka unamenyuka. Fundi seremala wa Majengo alinikatia mwingine wa plaiwudi kwa kufuata ule wa zamani, akahamisha vile vipande vya Tefloni vinavyofanya bomba liteleze, na ukweli ni kwamba upande wake sasa ndio imara kuliko zote.

Sasa anga lenyewe. Sisi tuna bahati ambayo hatuisemi: kiangazi chetu, Mei hadi Novemba, ndicho chenye miezi ambayo katikati ya Njia ya Maziwa inapita karibu juu ya vichwa vyetu usiku. Mvua inapokuja Desemba, mawingu yanachukua Jabari, ndiyo, lakini Nge na Mshale ni vya kiangazi. Mimi huenda upande wa Hombolo, kwenye shamba la zabibu la jamaa yangu, siku ambazo mwezi haupo.

Usiku wa kwanza wa maana ulikuwa wa Mei, saa tatu hivi. Mlinzi wa shamba akaja na tochi yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hilo bomba vipi, mnapima maji?"

Nikamwomba azime tochi, maana jicho linahitaji kama nusu saa gizani kabla halijafunguka, na nikamwelekezea Omega Centauri. Hili ni fundo la mamilioni ya nyota, liko umbali wa kama miaka ya nuru 17,000. Kwenye darubini yangu ya zamani lilikuwa mpira wa ukungu wenye chembechembe pembeni. Kwenye inchi 10, kwa ukuzaji wa mara 120, linapasuka lote kuwa nyota mpaka katikati, kama uwele uliomwagwa juu ya kaniki. Mzee akatazama, akaondoa jicho, akatazama juu, akarudi kwenye lenzi.

"Mbona hapa juu ni moja?"

Hapo ndipo nilipojua hela yangu haikupotea. Kwa macho matupu ni kweli inaonekana nyota moja, tena ya kawaida.

Digrii chache kaskazini yake iko Centaurus A, galaksi iliyo zaidi ya miaka ya nuru milioni 10. Kwenye mm 130 niliona doa la duara. Kwenye hii naona doa limekatwa katikati na mkanda mweusi wa vumbi. Si mara moja. Unaangalia pembeni kidogo ya kitu badala ya kukikodolea, kwa sababu sehemu ya jicho inayohisi mwanga hafifu haiko katikati, na baada ya dakika moja mkanda unajitokeza, unapotea, unajitokeza tena. Hiyo ndiyo raha na ndiyo adha ya mchezo huu. Anayetegemea rangi za picha za intaneti atakasirika: galaksi ni kijivu, nebula ni kijivu, na zile picha ni za kamera iliyokusanya mwanga kwa saa nyingi.

Filta ya oksijeni, ile inayoitwa OIII, inayopitisha mwanga wa oksijeni ya nebula na kuzuia mwingine, ninaipigia debe. Nebula ya Helix, ambayo Oktoba inapita juu sana kwetu, bila filta sikuiona hata kidogo. Nilipoifunga ikatokea duara pana lenye uwazi katikati. Kwenye galaksi usijisumbue nayo, inazima tu. Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo za jirani, yananipa furaha nusu: kutoka hapa hayapandi hata digrii 30, kwa hiyo Nebula ya Tarantula, iliyo ndani ya lile kubwa, naiona kupitia hewa nzito ya chini. Wa Mbeya wanatushinda kidogo hapo.

Kero. Ya kwanza ni juu kabisa kichwani. Dobson inapoelekezwa wima, kuisukuma kushoto na kulia hakuleti kitu, bomba linajizungusha tu mahali pamoja. Walio kaskazini nao wanaipata kero hiyo, lakini kwetu vitu vizuri vinapita humohumo. Galaksi ya Sombrero inapita kama digrii 6 tu kutoka juu kabisa, na nebula ya Jabari karibu ikuguse utosi. Dawa ni kuiwahi saa moja au mbili kabla haijafika juu, au kuisubiri ishuke upande wa pili.

Ya pili ni kitafutio kilichokuja nayo, kijidarubini kilichonyooka kinachokulazimisha upinde shingo chini ya bomba. Nimeweka cha pembe-mraba, na ninatumia Stellarium, programu ya ramani ya nyota, kwenye simu, skrini ikiwa nyekundu. Ya tatu ni upepo. Wa Dodoma mnaujua, Agosti na Septemba hauna adabu, na bomba pana namna hii linauvuta. Ninaegesha gari upande unaotoka upepo.

Halafu vioo. Kila nikifika shambani, barabara imeshavitikisa, na kioo cha f/4.7, yaani chenye fokasi ya mara 4.7 ya upana wake, hakisamehi kikipinda kidogo. Nalinganisha kwa leza, dakika tano, imekuwa mazoea. Vumbi nalo unalizoea: kioo chenye vumbi kidogo kinafanya kazi vizuri kuliko kioo kilichofutwafutwa kwa kitambaa. Nikiona limezidi, nakisafisha kwa maji ya betri yanayouzwa gereji. Nasema maji, yale yaliyotoneshwa. Chupa ya asidi hukaa rafu hiyohiyo, soma lebo mara mbili. Umande, wanaoulalamikia wa pwani, kwangu ni nadra kiangazi. Baridi ya Juni na Julai, hiyo ipo, na kioo kilichoshinda ndani ya nyumba yenye joto kinahitaji karibu saa nzima nje kabla picha haijatulia.

Nani asiinunue? Anayetaka kupiga picha. Bila mota ya kufuata anga, picha ya Mwezi utapata, ya galaksi hapana. Kwa huyo zipo darubini janja kama Seestar S50, lenzi yake ni mm 50 tu lakini inarundika picha na kukuletea rangi kwenye simu. Jamaa yangu anayo, na Nebula ya Lagoon aliyoipata akiwa uani kwake mjini imenitia wivu. Ila yeye anatazama simu. Mimi nataka ule mwanga uingie kwenye jicho langu mwenyewe, na hilo ni suala la mtu na mapenzi yake.

Lenzi mbili zilizokuja nayo, ya mm 25 na mm 10, zinatosha kuanzia: zinakuza mara 48 na mara 120. Ya mm 10 ina kona zilizochafuka, nyota za pembeni zina mikia. Sasa natafuta ya mm 30 ya mdomo wa inchi 2 kwa ajili ya galaksi ya Andromeda ya Novemba, ambayo haienei kwenye hizi nilizo nazo. Mwenye nayo Dodoma au Morogoro, hata iliyotumika, aniambie bei.