Mwigizaji anayeimba: jukwaa au kamera?

Ukimaliza TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza Bagamoyo mwaka 1981, mjadala ni uleule.

Kwa kipato, kamera iko mbele: tamthilia ikidumu, kodi ya chumba ina uhakika. Jukwaani mnafanya mazoezi wiki kadhaa kwa maonyesho mawili matatu.

Ila kwa sauti, jukwaa halina mpinzani. Unaimba huku unacheza, jasho linaingia machoni, upepo wa bahari unameza maneno, na ukikosea hakuna kurudia. Kwenye kamera wimbo hurekodiwa studio, wewe unafuatisha midomo tu (na wapo wanaoshindwa hata hilo!).

Matunzo? Jukwaa linadai koo na pumzi kila siku. Kamera inadai nauli ya Dar. Mwenye pa kulala Dar ajaribu kamera; mwenye watoto Bagamoyo, jukwaa liko karibu.