Basi la halmashauri kwa jicho la mtu mwenye gari

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu nitakazozieleza huko chini. Programu yao ya simu ingepimwa peke yake, ingepata mbili, tena kwa huruma.

Kwanza mjue anayeandika ni nani, maana asiye na gari akilisifia basi mtasema hana pengine pa kwenda. Gari ninalo, linawaka vizuri, na mafuta hayajanishinda. Sikuliacha kwa ajili ya mazingira wala kwa amri ya daktari. Nilichoshwa na foleni ya asubuhi, nikachoshwa zaidi na kuzunguka mitaa ya katikati ya mji nikitafuta pa kuegesha. Kisha nikasikia kwamba ruti inayopita karibu na kwangu imewekwa chini ya halmashauri kwa mkataba mpya. Nikapanda kwa shingo upande. Sasa siku nyingi za kazi gari linabaki uani.

Halmashauri yenyewe haina mabasi. Mabasi ni ya kampuni binafsi, na madereva ni waajiriwa wa kampuni hizo. Mali ya halmashauri ni ruti, ratiba, nauli, vituo na kadi. Kampuni inaomba zabuni ya ruti fulani, ikishinda inalipwa kwa kilomita ilizoendesha kama ilivyoagizwa, na nauli yote inaingia kwenye mfuko wa umma. Mpango huu si mgeni duniani. London, tangu Transport for London ilipoundwa mwaka 2000, mamlaka ya jiji ndiyo inayopanga ruti na nauli, na kampuni binafsi zinaendesha kwa mikataba. Cha kuchekesha ni kwamba sehemu nyingine za Uingereza zilipita njia tofauti kabisa: mwaka 1986 biashara ya mabasi nje ya London iliachwa huria, kila kampuni ikajichagulia ruti na nauli yake. Greater Manchester ndiyo iliyokuwa ya kwanza kurudisha usukani mikononi mwa umma. Ilianza Septemba 2023 na kukamilisha eneo lote Januari 2025.

Kwa abiria mambo ya zabuni yanaonekana kama ya makabrasha tu, lakini ndiyo yaliyobadilisha safari yangu. Dereva anayeishi kwa hesabu ya jioni, ambaye lazima ampelekee mwenye basi kiasi fulani ndipo abaki na chake, hana sababu ya kuondoka kituoni kabla basi halijajaa. Ana kila sababu ya kumkimbiza mwenzake aliye mbele, kupakia mpaka mlango ushindwe kufungika, na kukatisha ruti akiona huko mwisho abiria ni wachache. Huwezi kumlaumu sana, ndivyo riziki yake inavyopatikana. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, kabla ya TransMilenio, yaani mabasi yao ya mwendokasi, kuanza mwishoni mwa mwaka 2000, mbio za namna hiyo zilikuwa maarufu kiasi cha watu kuziita vita vya senti. Dereva wa ruti yangu analipwa mshahara. Akikuta watu wawili kituoni, anaondoka na hao wawili. Nilipoona kwa mara ya kwanza basi likiondoka nusu tupu kwa kuwa tu saa imefika, nilitazama huku na huku kama kuna mwingine anayeshangaa.

Sasa tuje kwenye kusubiri, maana hapo ndipo unapojua kama usimamizi ni wa kweli au ni wa kwenye mabango.

Ruti yangu imepangiwa basi kila baada ya dakika 10 asubuhi, yaani mabasi 6 kwa saa. Yakija yamepishana sawasawa, mtu anayefika kituoni bila kuangalia saa atasubiri kwa wastani dakika 5. Chukua mabasi hayo hayo 6, yaje mawili mawili kila dakika 20, yameongozana kama ndugu waliotumwa dukani pamoja. Wastani wa kusubiri unapanda hadi dakika 10. Mabasi hayakupungua, mafuta yaliyochomwa ni yale yale, na kampuni itakufungulia daftari ikuonyeshe kwamba imetoa magari yote iliyoahidi. Haidanganyi. Ila abiria amesimama juani mara mbili ya muda aliopaswa kusimama, na basi lililokuja likiwa la mbele limefurika huku la nyuma lina siti wazi.

Ubaya wake ni kwamba mabasi huongozana yenyewe bila mtu kufanya hila. La mbele likichelewa kidogo, linakuta watu wameongezeka kituoni. Kuwapakia kunachukua muda, kwa hiyo linachelewa zaidi. La nyuma linakuta kituo kimeshakombwa, linapita upesi, mpaka linamfikia mwenzake. Dawa ni kuwa na mtu chumba cha uratibu anayeiona ruti nzima kwenye skrini na kumwambia dereva wa nyuma atulie kituoni dakika mbili. Ukiwa ndani ya basi hilo lililotulia utatukana kimoyomoyo, mimi mwenyewe hutukana, lakini watu wa vituo vya mbele wanaponea hapo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza anayesimamia si basi limetoka stendi saa ngapi. London, kwenye ruti zenye mabasi ya mara kwa mara, wanapima abiria amesubiri dakika ngapi zaidi ya zile ambazo angesubiri kama mabasi yangepishana kama yalivyopangwa, na kampuni inaongezewa malipo au inakatwa kutokana na kipimo hicho. Halmashauri yetu imeweka kifungu kinachofanana na hicho kwenye mkataba. Muhtasari wake uko wazi kwa anayetaka kuusoma, na mimi niliusoma kwa sababu nina ugonjwa wa kusoma mikataba ya watu. Nadhani kifungu hicho ndicho kilichonitoa kwenye gari. Wataalamu wa usafiri huihesabu dakika ya kusubiri kuwa nzito karibu mara mbili ya dakika ya kukaa ndani ya basi, na ukishawahi kusimama kituoni bila kujua basi litakuja au halitakuja, huhitaji mtaalamu akuelezee kwa nini.

Kadi ni nzuri. Unaigusisha kwenye mashine, na ukibadilisha basi ndani ya muda uliowekwa hulipi nauli nyingine. Hakuna kudai chenji. Sina la kuongeza.

Njia maalumu ya mabasi ina hadithi ndefu kidogo. Pale inapokuwepo tunapita foleni nzima ya magari, na mimi huwatazama walio ndani yake kwa furaha ambayo si ya kiungwana. Basi moja lililojaa vizuri limebeba watu ambao wangehitaji magari zaidi ya 40, maana saa za kazi gari moja mara nyingi lina mtu mmoja. Lakini njia hiyo haisimamiwi na rangi ya barabarani. Kamera zilipoharibika, ilijaa magari binafsi yaliyowasha taa za dharura, kila mmoja akiwa na dharura yake. Hapo nilijionea mpaka wa mamlaka ya halmashauri: barabara ile ni ya ngazi ya juu ya serikali, askari hawaamriwi na diwani, na fundi wa kamera ni wa mkandarasi mwingine kabisa. Kila ofisi ilikuwa na barua inayoonyesha kwamba imeshamwandikia mwenzake. Wasafiri wa Curitiba kule Brazil, Bogotá na hata Dar es Salaam, ambako mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016, wana njia zilizotengwa kwa ukingo, na ukingo hauhitaji kamera kuwaka ili gari lisipande. Ningekuwa na sauti, ningeomba ukingo kabla ya basi jipya.

Programu ya simu sasa. Inaonyesha mabasi hewa. Unaona basi linakaribia, dakika 3, dakika 2, dakika 1, halafu linatoweka kwenye skrini na barabarani hakuna hata vumbi. Nilivyokuja kuelewa, kifaa cha kufuatilia kikizimika ndani ya basi, programu inajaza pengo kwa saa za ratiba bila kukuambia kwamba inabahatisha. Kurekebisha si kazi kubwa: saa inayotoka kwenye kifaa iwe na rangi yake, na ya ratiba iwe na rangi nyingine. Nimewaandikia. Walinijibu kwa heshima na hawajarekebisha.

Tukiwa kwenye kuandika barua, niwape haki yao katika malalamiko. Ndani ya kila basi pamebandikwa namba ya ruti, namba ya gari na namba ya kupiga, na anayepokea ni halmashauri, si kampuni. Tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika. Ukilalamika kwa kampuni kuhusu dereva wake, unamlalamikia baba kuhusu mwanawe. Ukilalamika kwa anayemlipa baba, jambo lako linageuka kuwa makato. Nililalamikia dereva aliyempita mama mwenye kiti cha magurudumu kwa kuwa hakutaka kushuka kufungua njia ya kupandia. Nilipewa namba ya kumbukumbu, nikapigiwa simu kuulizwa saa na kituo, na baadaye nikaambiwa wamelinganisha na kumbukumbu za basi na kampuni imekatwa. Siwezi kuthibitisha makato. Ninachoweza kusema ni kwamba njia ya kupandia siku hizi inafunguliwa bila dereva kubembelezwa.

Ripoti ya ruti zote husomwa kwenye kikao cha baraza la madiwani, na mwananchi anaruhusiwa kukaa nyuma akasikiliza. Nilikwenda. Sehemu kubwa ilikuwa pongezi. Lakini diwani mmoja aliuliza kwa nini wastani wa kusubiri unatolewa kwa mji mzima badala ya ruti moja moja, na afisa akajikuna kichwa, maana wastani wa mji mzima unaifunika ruti mbovu kwa ruti nzuri. Swali moja la namna hiyo lina thamani kuliko mabango yote ya "acha gari, panda basi" yaliyotundikwa mjini.

Na hapo niseme kuhusu hamasa. Kuna siku ya kutotumia gari, inayoadhimishwa miji mingi Septemba 22. Barabara inafungwa, viongozi wanapanda basi na mpiga picha wao, kesho yake wote wako kwenye foleni. Sina ugomvi na sherehe, ila sijawahi kukutana na mtu aliyebadilika kwa sababu yake. Nauli ya bure nayo inasifiwa kupita kiasi. Luxembourg ilifuta nauli nchi nzima Februari 29, 2020, na bado ni kati ya nchi za Ulaya zenye magari mengi kwa kila watu elfu. Mwenye gari hakukaa ndani ya gari kwa kushindwa nauli.

Anachokitazama ni maegesho. Vienna walishusha tiketi ya mwaka mzima hadi euro 365 mwaka 2012, habari ikazunguka dunia, lakini mwaka huo huo walipanua maeneo ambayo kuegesha ni kwa malipo, jambo ambalo halikuzunguka popote. Stockholm walijaribu tozo ya kuingia katikati ya mji mwaka 2006 huku wakiongeza mabasi, magari yaliyovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa takriban asilimia 20, na tozo ikawa ya kudumu mwaka 2007. Watu waliipinga kabla ya kuiona, kisha wakaizoea na wengi wakaiunga mkono. Kwetu, halmashauri hiyo hiyo inayonihimiza nipande basi inawapa watumishi wake maegesho ya bure mlangoni. Hiyo ni nusu ya nyota niliyoizuia.

Nusu nyingine ni usiku. Baada ya saa mbili usiku mabasi yanapungua ghafla, na la mwisho linaondoka mapema mno kwa muuguzi, mlinzi au mhudumu wa hoteli. Mwenye zamu ya usiku hawezi kuliacha gari asubuhi kama hana uhakika wa kurudi, kwa hiyo ukimkosesha basi moja la usiku umempoteza kwa safari zote mbili. Mkaguzi naye sijamwona baada ya jua kuzama. Dada mmoja tunayepanda naye huteremka vituo viwili kabla ya kwake kwa sababu kituo chake hakina taa.

Gari silitangazi kuuzwa. Kumpeleka mzee hospitali alfajiri, kubeba mbao, kwenda kijijini: hayo ni ya gari. Kama kazi yako inakutaka uzunguke sehemu tano kwa siku, huduma hii haijakufikia bado. Kama unakwenda mahali pamoja na kurudi mchana, jaribu kwanza ruti zenye basi kila dakika 10, ratiba uisahau, nenda tu kituoni. Ruti za kila nusu saa zijaribu ukiwa na kitabu.

Mkataba wa ruti yangu unakaribia kuisha na zabuni itatangazwa upya. Halmashauri imeita maoni ya abiria, na yangu nimeshayapeleka kwa maandishi: basi la saa tano usiku liongezwe, takwimu za kusubiri zitolewe kwa kila ruti na kubandikwa vituoni, na kamera za njia ya mabasi ziwekwe kwenye mkataba mmoja na mabasi yenyewe.