Mkapa na Taifa Stars kwenye CHAN 2024: tathmini ya mwenyeji

CHAN, michuano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, ilichezwa Agosti 2025 Tanzania, Kenya na Uganda, na Benjamin Mkapa ndio uliobeba ufunguzi. Uwanja huu wa watu 60,000 pale Temeke, uliofunguliwa 2007, bado una kelele zinazomtisha mgeni. Kasoro yake kubwa ni njia ya riadha inayouzunguka mchezo. Inakusogeza mbali na mpira, na ukikaa safu za chini nyuma ya goli, lango la upande wa pili unalikisia tu. Panda juu, kaa usawa wa mstari wa kati. Hapo ndipo unaona jinsi mabeki wanavyopanda. Kasarani ya Kenya na Namboole ya Uganda zina tatizo hilohilo.

Amaan ya Zanzibar ni ndogo, nyasi zake ni bandia, hivyo mpira unakimbia haraka.

Na timu? Kwa kikosi cha wachezaji wa ligi ya ndani pekee, kama kanuni za CHAN zinavyotaka, Stars walistahili sifa: pointi 10 kwenye kundi, mabao matano, wakaruhusu moja. Mohamed Hussein na Shomari Kapombe, mabeki wa pembeni, wote walifunga. Hilo linaeleza nguvu na pia udhaifu: mashambulizi yalitegemea mno pembeni, katikati hapakuwa na mtu wa kupasua ngome. Morocco waliziba pembeni, wakashinda 1-0 robo fainali. Hata hivyo, Tanzania haikuwahi kufika hatua hiyo kabla.