Behewa la Vitanda 54: Tathmini ya Platskarti ya Ukraine na Urusi

Huduma ninayoitathmini hapa ni behewa la kulala la daraja la tatu, liitwalo platskarti, katika treni za masafa marefu za Ukraine na Urusi. Nchi hizi mbili zimo vitani na hakuna tena treni ya abiria inayovuka kutoka moja kwenda nyingine. Hata hivyo, reli zao zilizaliwa katika mfumo mmoja wa Kisovieti, wenye njia ya upana wa milimita 1,520, na mpangilio wa mabehewa pamoja na adabu wanazozifuata abiria vingali vinafanana sana. Nimelala katika mabehewa hayo pande zote mbili, kuanzia nilipokuwa mwanafunzi Kharkiv, Ukraine, na naamini kwamba mgeni anayetaka kuona jinsi watu wa huko wanavyoishi wakiwa hawako mbele za watu hatapata mahali pazuri zaidi kwa bei ya tiketi moja.

Behewa lina vitanda 54. Limegawanywa katika vyumba tisa visivyo na milango, kila kimoja kikiwa na vitanda vinne, viwili chini na viwili juu, vikitenganishwa na meza ndogo iliyo dirishani. Upande wa pili wa ujia, kila chumba kina vitanda vingine viwili vilivyolala kufuata urefu wa treni. Kile cha chini mchana hukunjwa kikawa meza na viti viwili. Namba witiri ni za vitanda vya chini na namba shufwa ni za juu. Namba 1 hadi 36 zimo vyumbani, na 37 hadi 54 zimo ujiani. Msomaji aliyesafiri na TAZARA kutoka Dar es Salaam kwenda Kapiri Mposhi amezoea chumba cha kulala chenye mlango, ambamo wanaume hulala peke yao na wanawake peke yao. Platskarti haina mlango wala mgawanyo huo. Utalala umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mtu usiyemjua, naye atakusikia ukikoroma.

Kila behewa lina mhudumu wake, mara nyingi mwanamke aliyevaa sare, naye ndiye mwenye nyumba. Husimama mlangoni kabla ya safari akilinganisha tiketi na kitambulisho. Nchini Urusi hilo hufanywa kwa makini sana, kwa hiyo jina lililo kwenye tiketi lazima lifanane na lililo kwenye pasipoti. Yeye ndiye hutoa shuka mbili, foronya na taulo vikiwa vimefungwa kwenye mfuko, ndiye hufagia ujia, ndiye huwapigia kelele wasindikizaji washuke treni inapokaribia kuondoka, na ndiye hukuamsha kwa kukugusa mguu kabla ya kituo chako, hata kama ni saa tisa usiku. Hatabasamu. Usimchukulie kuwa ana chuki, kwani huduma yake huonekana katika mambo anayoyakumbuka: nani anashuka wapi, mtoto gani ana homa, bibi gani anahitaji msaada wa kuteremsha godoro lililokunjwa rafuni.

Karibu na chumba chake kuna chombo kikubwa cha kuchemshia maji, ambacho mtu wa pwani angekiita samawari bila kusita, na maji yake ya moto ni ya bure usiku na mchana. Chai yenyewe hununuliwa kwa mhudumu. Huja katika bilauri ya kioo iliyokaa ndani ya kishikio cha chuma chenye mkono na nakshi za nyota, minara au treni. Kiwanda cha Kolchugino katika mkoa wa Vladimir kimejulikana kwa vishikio hivyo kwa vizazi vingi. Uzito wa kishikio hicho una kazi yake, kwa sababu treni inapoyumba bilauri haipinduki, na mkono wake haushiki moto. Kijiko huachwa ndani ya bilauri na hugongagonga kioo usiku kucha kadiri magurudumu yanavyopita kwenye maungio ya reli. Hiyo ndiyo chai ninayoikumbuka kuliko ya hoteli yoyote ya Kyiv au Moscow.

Tabia iliyonigusa zaidi huanza dakika chache baada ya treni kuondoka. Abiria hufungua mikoba, wakatoa sapatu na nguo za nyumbani, wakabadilisha. Wanaume hutoka kwenda ujiani bila kuambiwa ili wanawake wabadilishe nguo kwanza, wakasimama huko wakitazama dirishani hadi waitwe. Mtu aliyeingia na suti na uso mkavu, ambaye pale stesheni asingekujibu hata salamu, baada ya robo saa amevaa kaptura na fulana na anakuuliza unatoka wapi, una ndugu wangapi, mama yako anafanya kazi gani na mshahara wako ni kiasi gani. Barabarani na madukani watu wa nchi hizi hawatabasamu kwa mtu wasiyemjua, kwa kuwa kwao tabasamu ni la mtu aliye wako, na wageni wengi huondoka wakiwa na kinyongo juu ya hilo. Ndani ya platskarti, viatu vikishavuliwa, umeshahesabiwa kuwa mtu wa nyumbani, na maswali ambayo ungeyaona ni utovu wa adabu ndiyo heshima unayopewa.

Chakula ndicho kinachokamilisha jambo hilo. Katika safari moja kutoka Kharkiv kwenda Lviv, bibi mwenye kitanda cha chini alitandika gazeti juu ya meza, akapanga mayai ya kuchemsha, matango, mkate mweusi na vipande vya kuku vilivyofungwa katika karatasi ya fedha, chumvi ikiwa ndani ya kikopo cha dawa kilichooshwa. Akanisogezea yai. “Kula, mwanangu, njia ni ndefu,” alisema. Nikamjibu kwamba nimeshiba, nashukuru. Hakubishana nami, alimenya yai la pili, akaliweka upande wangu wa meza, akaendelea kukata tango. Nilikula. Anayetaka kuheshimika katika chumba hicho na aweke chake mezani mapema kabla hajakaribishwa, hata kama ni pakiti ya biskuti. Majani ya chai ya Mufindi au ya Kericho hupokewa kwa furaha ya kweli, kwa kuwa unagusa kinywaji wanachokijua na kukipenda.

Kwa msafiri Mwislamu kuna mambo ambayo sikuyaona yakielezwa popote. Kwa upande wa Ukraine hasa, kitu cha kwanza kutolewa mfukoni mara nyingi ni mafuta ya nguruwe yaliyokolezwa chumvi na vitunguu saumu, na soseji nyingi zina nyama hiyohiyo. Ukisema huli kwa sababu ya dini, utaeleweka mara moja, hasa Urusi, ambako Watatari na watu wa Kaukazi, wengi wao Waislamu, ni abiria wa kila siku. Lakini usikatae kila kitu, chukua tango au chai. Choo kina beseni dogo, na katika mabehewa ya zamani bomba lake halina kitu cha kuzungusha: hubonyezwa kutoka chini kwenda juu kwa kiganja, na ukiondoa mkono maji hukatika. Kutawadha kwa mkono mmoja namna hiyo ni kazi ngumu, basi nenda na chupa tupu uijaze. Mabehewa hayohayo ya zamani humwaga uchafu wa choo moja kwa moja relini, na kwa hiyo mhudumu hufunga vyoo kabla ya kila kituo kikubwa na huvifungua mkishaondoka. Ratiba iliyobandikwa ukutani huonyesha vituo na dakika za kusimama; isome kabla hujanywa bilauri ya tatu.

Kasoro kubwa kuliko zote ni hewa. Wakati wa baridi behewa hupashwa moto hadi watu wakakaa na fulana huku nje theluji imefika magotini, na dirisha halifunguliwi. Waukraine na Warusi wa kila umri huamini kwa dhati kwamba upepo mwembamba unaopita kati ya nafasi mbili zilizo wazi huleta maumivu ya shingo, mgongo na figo, na mtoto akiwapo katika chumba hakuna hoja itakayofungua dirisha. Niliheshimu imani hiyo, lakini vitanda vya juu huwa na joto lisilovumilika, na sina budi kusema wazi kwamba mgonjwa wa pumu hapaswi kulala huko katika behewa lisilo na kiyoyozi. Mabehewa mapya yana kiyoyozi na vyoo vya kisasa, na tofauti ni kubwa kiasi kwamba inafaa kubadilisha siku ya safari ili kulipata moja.

Kuhusu usalama, uwazi wa behewa ni ulinzi. Mkoba mkubwa huwekwa chini ya kitanda cha chini, katika sanduku ambalo haliwezi kufunguliwa bila mwenye kitanda kunyanyuka, na macho ya watu hamsini hayalali yote kwa wakati mmoja. Wanawake niliosafiri nao walinieleza kwamba waliona afadhali platskarti kuliko kufungiwa usiku katika chumba cha daraja la pili na wanaume watatu wasiowajua. Mtu mweusi atatazamwa, na watoto watataka kumgusa nywele. Wazazi wengi huwakanya, wengine hawakanyi. Nilikutana pia na mlevi aliyenitolea maneno machafu usiku kucha, na waliomnyamazisha walikuwa abiria wenyewe, wakiongozwa na mama mmoja aliyeshuka kitandani akiwa na sapatu mkononi.

Siwezi kuitathmini huduma hii bila kutaja yaliyoipata. Tangu tarehe 24 Februari 2022 anga ya Ukraine imefungwa kwa ndege za abiria, na reli imebeba mzigo wote wa safari ndefu. Joe Biden aliingia Kyiv kwa treni ya usiku kutoka Poland mwezi Februari 2023, na Juni mwaka huohuo viongozi wa Afrika waliokwenda kutafuta amani, akiwamo Cyril Ramaphosa wa Afrika Kusini na Azali Assoumani wa Komori, walifika kwa njia hiyohiyo. Katika wiki za mwanzo za vita mabehewa haya yalihamisha mamilioni ya watu kuelekea magharibi, wakiwa wamekaa hata juu ya rafu za mizigo. Wanafunzi wengi wa Kiafrika walisema walizuiwa kupanda treni ili wenyeji watangulie, na Umoja wa Afrika ulitoa tamko tarehe 28 Februari 2022 kulaani kunyimwa kwa Waafrika haki ya kuvuka mpaka. Nayaweka haya pamoja na yai la yule bibi kwa kuwa yote ni kweli ya reli hiyohiyo, na anayeisifu bila kulitaja hilo hawatendei haki vijana wetu waliotembea kwa miguu kwenye baridi ile.

Safari ndefu za Urusi zina ladha yake. Kutoka Moscow hadi Vladivostok ni takriban kilomita 9,288, na katika vituo vikubwa watu hushuka na sapatu zao kununua samaki waliokaushwa kwa moshi karibu na Ziwa Baikal, maandazi yenye kabichi ndani au viazi vya moto. Zamani tiketi zote za Urusi zilionyesha saa za Moscow hata kama stesheni iko saa saba mbele yake. Tangu Agosti 2018 zinaonyesha saa za mahali husika, na hilo ni nafuu kubwa kwa mgeni.

Sasa kuhusu kununua. Ukraine unaweza kukata tiketi kwa simu. Urusi, kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya nchi hiyo hazifanyi kazi tangu Machi 2022, kwa hiyo wageni wengi huenda na fedha taslimu dirishani. Chagua kitanda cha chini katikati ya behewa, namba kati ya 9 na 27. Kitanda cha chini ni ghali kidogo na huenda haraka, lakini mwenye nacho ndiye mwenye meza, na wa juu huomba ruhusa kukaa. Wewe mpe nafasi kabla hajaomba. Epuka 33 hadi 38, zilizo mlangoni pa choo, kwa sababu mlango huo hugongwa hadi alfajiri. Mtu mrefu asinunue kabisa kitanda cha ujiani, maana miguu yake haitapata pa kunyooka na kila apitaye ataigonga. Mwenye mtoto mchanga, mgonjwa, au mtu anayekwenda kwenye mtihani asubuhi yake na achukue daraja la pili lenye mlango. Wengine wote nawashauri platskarti, waende na sapatu, bilauri yao kama wanayo, na chakula cha kuwatosha watu wawili.